Kutu ya Uvunguni Haifi kwa Kupakwa Weusi

Uvungu wa gari dogo la siku hizi ndio mifupa yake. Katika Corolla, Premio, IST, Noah na karibu kila gari dogo linalopita barabara za Dar es Salaam au Mombasa, hakuna chesisi ya kujitegemea ambayo bodi imekalishwa juu yake na kufungwa kwa bolti. Kuna mabati membamba, mengi yakiwa na unene wa kati ya milimita 0.7 na 2, yaliyokunjwa yakawa boriti zenye uwazi ndani, kisha yakaunganishwa kwa maelfu ya nukta za kuchomelea. Vizingiti viwili vinavyopita chini ya milango, boriti mbili za mbele zinazobeba injini, sakafu na handaki lake la katikati, na vikalio vya springi na shokapu vyote hubeba mzigo kwa pamoja. Ujenzi huu si mgeni: Lancia Lambda ilitoka nao mwaka 1922, na Citroën Traction Avant ya 1934 ikaufanya kuwa jambo la kawaida. Ile "chesisi namba" inayoandikwa kwenye kadi ya gari, kwa magari haya, ni namba iliyogongwa kwenye bati la bodi. Jina limebaki, chesisi haipo.

Bati jembamba kiasi hicho hupata nguvu zake kutoka kwenye umbo. Karatasi ya daftari haiwezi kubeba hata kalamu, lakini ikiviringishwa kuwa bomba na kusimamishwa hubeba kitabu. Bomba hilo likilowa upande mmoja tu, kitabu huanguka, ingawa robo tatu ya karatasi bado ni kavu na nzima. Ndivyo kilivyo kizingiti cha gari. Kutu haihitaji kukimaliza. Inatosha kukipasua mahali pamoja penye mkazo.

Juu ya mifupa hiyo umejengeka usemi unaorudiwa gerejini, sheli na kwenye vijiwe vya madereva. Kutu ya chini haina neno, mradi gari lipigwe oili chafu au rangi nyeusi ya lami kila mwaka. Ikila zaidi, fundi wa kuchomelea ataweka kiraka. Na mwenye Hilux au Land Cruiser hana hata sababu ya kuinama, maana lake ni gari la chesisi. Usemi huu una umri mrefu na watetezi wengi, wakiwemo mafundi hodari wa injini. Lakini umekosea mahali kutu inapoanzia, umekosea inavyokula, na kwa sababu hiyo dawa zake nyingi huulisha ugonjwa.

Chuma hakiozi kwa maji peke yake wala kwa hewa peke yake. Huhitaji vyote viwili, na chumvi huharakisha mambo kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Kutu ni kazi ya betri ndogo: sehemu moja ya bati hutoa elektroni na kuliwa, sehemu jirani huzipokea na kubaki salama. Katika miaka ya 1920 Ulick Evans, mwanakemia wa Cambridge, alionyesha jambo hili kwa tone moja la maji ya chumvi juu ya bamba safi la chuma. Mtu angetarajia pembezoni mwa tone paliwe kwanza, kwa kuwa ndipo hewa inapofika kwa urahisi. Ikawa kinyume. Chuma kililiwa katikati ya tone, mahali oksijeni ilipokuwa haba, na pembezoni kukabaki kuzima. Kutu yenyewe ikajipanga kama pete kati ya sehemu hizo mbili.

Tone hilo linatosha kuiangusha hoja ya weusi. Maana yake ni kwamba mahali palipoloa na kubanwa, hewa ikawa haba, ndipo bati linapoliwa zaidi: chini ya rangi iliyofura, kati ya mabati mawili yaliyolaliana, nyuma ya tope lililokauka kwenye kona ya tairi. Lami ikipakwa juu ya bati safi, kavu, lenye praima, ni kinga nzuri dhidi ya kokoto. Hilo halina ubishi. Ikipakwa juu ya kutu hutengeneza mahali pale pale alipopaeleza Evans. Kutu ina vinyweleo, na vinyweleo hivyo tayari vimeshika chumvi na unyevu. Lami hufungia vyote ndani. Baada ya misimu michache ya joto hukakamaa na kupasuka nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Maji huingia kwa kunyonywa na hayatoki tena. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, huumuka chini ya lami kama andazi. Kwa nje uvungu unabaki mweusi ti, na mwenye gari anaendesha kwa amani.

Pwani, mambo huwa mabaya zaidi kuliko wenye magari wanavyodhani. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani mpaka ikayeyuka pale unyevunyevu unapofika takriban asilimia 75. Magnesi kloridi, iliyomo pia katika chumvi ya bahari, hufanya hivyo hata kwenye asilimia 33 hivi. Gari lililoegeshwa Nyali, Kigamboni au Mji Mkongwe usiku wa kiangazi, bila tone la mvua, linaweza kuwa limeloa uvunguni kwa maana ya kikemia hata kama mkono ukilipapasa unalikuta kavu. Kwa anayevuka kwa pantoni kila siku, Likoni au Magogoni, mara nyingi matairi hupita kwenye ngazi iliyolowa maji ya bahari na kuyarusha juu, moja kwa moja kwenye mishono ya sakafu. Kisha Jumamosi gari hupelekwa kuoshwa. Sehemu nyingi za pwani maji ya kuoshea hutoka kwenye kisima kirefu ambacho mwenyewe hathubutu kupikia chai, kwa ukali wa chumvi yake. Yanapulizwa uvunguni kwa presha, yanafika hata kule ambako bahari isingefika, na gari linarudi nyumbani liking'aa.

Sehemu ambayo usemi wa weusi hauigusi kabisa ni ndani ya boriti. Kiwanda huzamisha bodi nzima kwenye birika la rangi inayovutwa na umeme, njia iliyoenea tangu miaka ya 1970, ili rangi iingie hata katika uwazi usiofikiwa na mkono. Utando huo ni mwembamba, kama mikromita 20 hivi, na kwenye kona za ndani kabisa huwa haba. Viwanda vinajua hivyo, ndiyo maana huacha matundu ya kutolea maji chini ya kila boriti na vizingiti. Maji huingia ndani kwa njia nyingi: raba za milango zilizochoka, bomba la kiyoyozi lililoziba likamwaga sakafuni, na ule mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Gari linaloegeshwa chini ya mwarobaini hujaza mfereji huo majani madogo madogo mpaka yakawa mboji. Mvua ikinyesha, maji hukosa njia yake, hutafuta nyingine, na hushukia ndani ya vizingiti. Yakiwa na tundu la kutokea hayana madhara makubwa. Tundu likizibwa, kizingiti hugeuka mtungi.

Na tundu huzibwa na nini? Mara nyingi, na lami iliyopulizwa mwaka jana.

Jambo hili huonekana vizuri gari likiwa limeinuliwa. Fundi huanza mbele, akigonga kizingiti kwa mpini wa bisibisi. Ngo, ngo, ngo. Shubiri moja kabla ya gurudumu la nyuma sauti hubadilika kuwa pwa, kama ya boksi lililoloa. Huigeuza bisibisi, huikandamiza kwa kidole gumba, na ncha huzama bila kelele. Akiitoa, hutangulia maji ya rangi ya chai, yakifuatwa na mchanga laini, kisha magamba ya kutu mapana kama ya samaki. Karibu na hapo lipo tundu la kiwanda, la kipenyo cha milimita kumi hivi, limezibwa kwa lami laini kama peremende. Bati la nje bado lina rangi. Upande wa ndani halina hata unene wa karatasi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kimo ndani ya pindo lenyewe, na mwenye nguo ndiye aliyelishona.

Oili chafu inastahili kuzungumzwa peke yake, kwa sababu watetezi wake wana ushahidi wanaouamini. Wanakumbuka Landrover za zamani ambazo katikati ya chesisi, pale palipodondokewa na gia boksi inayovuja, palibaki pazima huku ncha za nyuma zikioza. Ushahidi huo ni wa kweli, ila unathibitisha jambo jingine. Gia boksi ile ilikuwa ikidondosha oili nyembamba kila siku, mahali pale pale, miaka yote. Mafuta mepesi yanayofanywa upya daima husukuma maji na kuzuia hewa. Oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ikapulizwa mara moja kwa mwaka upande wa nje wa boriti inayoozea ndani, haina sifa hata moja kati ya hizo.

Tena imeshafanya kazi yake. Oili mpya ya injini huja na viambato vya kuua asidi zitokanazo na mwako. Inapofikia kumwagwa, viambato hivyo vimepungua na yenyewe imebeba asidi, maji, masizi na chembe za metali. Ikipulizwa uvunguni hushika vumbi na kuwa uji mzito unaotunza tope la chumvi pale pale. Raba za asili zilizomo katika bushi nyingi huvimba na kulainika zikikaa kwenye oili ya madini, kwa hiyo gari lililotibiwa kutu huanza kugonga kila likipita tuta. Matone yakifika kwenye pedi za breki, gari hukataa kusimama sawasawa. Halafu yupo kijana anayelala chini ya gari bila barakoa, kompresa ikinguruma, akivuta ukungu wa kitu chenye kemikali zinazojulikana kusababisha saratani. Yeye huwa hahesabiwi kabisa katika hesabu ya dawa hii ya bei nafuu.

Magari yaliyotumika yanayotoka Japani yamelipa kosa hili nguvu mpya. Mnunuzi anayechungulia uvunguni akakuta weusi unaong'aa hufurahi akidhani amepata gari lililotunzwa. Huko Japani ni desturi ya gereji nyingi kupuliza rangi nyeusi ya uvunguni gari linapopelekwa kwenye ukaguzi wa lazima, ambao kwa gari dogo jipya huja baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili. Weusi ule unaeleza tarehe ya ukaguzi tu. Kuhusu bati lililo chini yake hausemi chochote. Isitoshe, Japani ina mikoa ya theluji nyingi, kama Hokkaido, Aomori na Niigata, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi. Sheria ya mwaka 1990 iliyopiga vita matairi ya misumari, kwa sababu ya vumbi la lami yalilolichimbua, ilifuatiwa na ongezeko la matumizi ya chumvi hiyo. Gari la kutoka mikoa hiyo linaweza kufika bandarini likiwa na kilomita chache, viti safi, na vizingiti vilivyoanza kuliwa tangu lilipokuwa jipya. Karatasi ya mnada huwa na mchoro wa gari na herufi zake: S kwa kutu, C kwa ulikaji uliokwenda mbali. Wauzaji wengi hutafsiri alama ya ubora iliyo juu ya karatasi na kuziruka herufi hizo.

Kuhusu magari ya chesisi, ni kweli kwamba Hilux na Land Cruiser zina uti wa chuma kizito zaidi, na kizingiti kilichooza hakiliangushi gari la namna hiyo kama kinavyoliangusha gari dogo. Lakini chesisi hiyo ya umbo la ngazi nayo, kwenye magari mengi, ni boriti zenye uwazi ndani. Hukusanya tope, hushika maji na kuoza kutoka ndani kwa kanuni ile ile. Nchini Marekani, mwaka 2016, Toyota ilikubali bila kukiri kosa kumaliza kesi ya pamoja juu ya chesisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia, kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Hayo ni magari ya chesisi, ya kampuni ambayo mafundi wa Afrika Mashariki huiapia. Wenye magari walidai kwamba kinga ya kutu haikutosha tangu kiwandani, na baadhi ya chesisi hizo zilikuwa zimetoboka kabisa. Unene wa chuma huchelewesha, na kuchelewesha huko ndiko kunakomfanya mwenye gari asiiname mpaka siku springi inapopenya sakafuni.

Kisha kiraka. Fundi cherehani yeyote anajua kwamba kiraka hakishiki kwenye kitambaa kilichochakaa. Sindano hupita, uzi hubana, na kitambaa huchanika pembeni mwa mshono. Katika gereji nyingi kanuni hii husahaulika pale nguo inapokuwa bati. Kipande kipya hulazwa juu ya kutu, hushikizwa kwa vidoti vinne vitano, hupakwa fila, kisha weusi. Kati ya bati jipya na la zamani hubaki pengo jembamba linalonyonya maji, yaani tone la Evans lenye urefu wa futi nzima. Kiraka chenyewe huchelewa kuoza, na hicho ndicho kinachomhadaa mwenye gari, kwa maana pembeni mwake bati la zamani linaendelea kuyeyuka. Sumaku iliyofungwa kitambaa laini ikitembezwa juu ya kizingiti hugundua fila mara moja: inaponasa pana chuma, inapoteleza pana udongo tu.

Uingereza, ambako chumvi ya barabarani imewafundisha watu kwa ukali, ukaguzi wa kila mwaka wa MOT hulikataa gari lenye kutu iliyodhoofisha bati ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panaposhikilia springi, usukani, breki au mkanda wa usalama. Kiraka cha sehemu hizo lazima kichomelewe mfululizo kuzunguka ukingo wote, isipokuwa pale kiwanda chenyewe kilipotumia nukta. Fila haikubaliki. Kipimo cha sentimita 30 kinafaa kukumbukwa na fundi yeyote, hata asiyewahi kuiona karatasi ya MOT, kwa sababu kinatenganisha kutu ya sakafu chini ya kapeti, ambayo ni usumbufu, na kutu ya kikalio cha springi, ambayo ni mauti.

Ukarabati wa haki huanza kwa kukata. Bati hukatwa kwa grainda mpaka kwenye chuma kinachong'aa pande zote, hata kama tundu la ukubwa wa shilingi linageuka kuwa dirisha la kiganja. Hapa ndipo mafundi wengi hushindwa na mteja: mteja anaona fundi "ameharibu" gari, kumbe ameonyesha tu uharibifu uliokuwepo. Kabla ya kukata kizingiti, gari hukalishwa kwenye stendi imara chini ya sehemu nzima, nafasi za kuzunguka milango hupimwa, na upande mmoja tu hukatwa kwa wakati. Gari likining'inia kwenye jeki moja huku kizingiti kimefunguliwa, bodi hulegea. Kipande kipya huchomelewa katika ulegevu ule, na tangu hapo mlango hugoma kufunga mpaka upigwe teke.

Betri hufunguliwa kabla ya kuchomelea kwa umeme, kwa kuwa mkondo unaopotea njia huweza kuua kompyuta ya injini na diodi za altaneta. Kapeti na sifongo huondolewa, pamoja na nyaya zinazopita ndani ya kizingiti. Mikanda ya usalama ya magari mengi ina kijungu cha baruti karibu na chini ya nguzo ya kati, na hicho hakitaki joto. Tangi la petroli hutolewa kabisa. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke wa petroli hulipuka ukifikia asilimia moja na nusu hivi tu ya hewa iliyomo.

Gesi na moto wake mpana havifai kwa kazi hii, ingawa ndivyo vilivyozoeleka. Moto wa gesi hupasha eneo kubwa, hupindisha bati na kuunguza rangi ya kiwanda upande wa ndani. Mashine ya waya yenye gesi ya kinga hupasha kidogo na haraka. Lakini hoja kubwa zaidi ni aina ya chuma chenyewe. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana vyuma vilivyopashwa hadi nyuzi joto 900 hivi za Selsiasi, vikakandamizwa na kupozwa ghafla ndani ya kalibu, vikapata nguvu za kuvutwa za takriban megapaskali 1,500, mara nne au tano ya bati laini. Hutumika kwenye nguzo za kati na viimarisho vya vizingiti. Vikipashwa tena kwa moto wa fundi hulainika, na hakuna jicho linaloweza kuona tofauti. Tofauti itaonekana siku ya ajali. Kwa hiyo vipande hivyo hubadilishwa vizima, kwenye mishono aliyoichagua mtengenezaji, na havinyooshwi kwa moto kamwe.

Bati lililopakwa zinki nalo lina lake. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini sana ya joto la kuyeyusha chuma, na moshi wake mweupe humpa fundi homa ya jioni yenye baridi na maumivu ya viungo. Dawa inayoaminika gerejini ni maziwa. Maziwa yanakwenda tumboni. Moshi umekwenda mapafuni. Zinki husagwa kwanza pembezoni mwa mshono, na milango ya gereji huachwa wazi.

Gari lililogongwa lina matatizo yake ya uvunguni, na hapo pia weusi hutumika kama blanketi. Njia ya mnyororo na mnazi inajulikana: ncha moja hufungwa kwenye boriti iliyopinda, nyingine kwenye mti, gari hurudishwa nyuma kwa nguvu mpaka macho yaridhike. Macho huridhika mapema mno. Uvungu hupimwa kwa mishazari, kutoka tundu la bolti la mbele kushoto mpaka la nyuma kulia, kisha kinyume chake, na vipimo hivyo viwili hulinganishwa na vya mtengenezaji. Tofauti inayovumilika ni milimita tatu hivi. Mtu mwenye utepe mrefu na mwenzake wa kushika ncha ya pili anaweza kujua kwa nusu saa kama gari limekaa mraba. Wili alaimenti haiwezi kuponya boriti iliyopinda. Huificha tu kwa kulazimisha matairi yatazame mbele huku mwili ukitazama pembeni, na tairi hulipia kwa kuisha upande mmoja.

Baada ya kuchomelea ndipo kinga inapokuja, na mpangilio wake ni kinyume cha ule wa mazoea. Kwa nje: praima, kiziba mshono, rangi, kisha lami kama ipo, ikiwa nyembamba na matundu yakiwa yamezibwa kwa vijiti wakati wa kupuliza na kuzibuliwa baadaye. Kwa ndani, ambako ndiko kwenye uzito wa kazi, hupulizwa nta nyepesi ya kuzuia kutu kwa bomba refu lenye ncha inayotawanya pande zote, mpaka ianze kudondoka kupitia matundu ya chini. Kudondoka huko ndiko uthibitisho kwamba imefika. Joto la kuchomelea lilikwisha kuunguza rangi ya ndani. Kiraka kisichopata nta nyuma yake huanza kuoza siku ile ile kinapopakwa rangi ya nje.

Watetezi wa weusi hubaki na hoja ya bei, na si hoja ya kudharau: nta ya kopo si rahisi, na oili chafu hupatikana bure. Ila matunzo mengi ya uvungu hayahitaji kopo lolote. Spoki ya baiskeli iliyopinda kidogo nchani huzibua matundu yote ya kutolea maji kwa robo saa. Majani chini ya kioo cha mbele huondolewa kwa mkono. Maji ya bomba, au ya mvua yaliyokingwa, yakipitishwa uvunguni bila presha kubwa baada ya safari za pantoni au ufukweni, huondoa chumvi ambayo hakuna rangi itakayoiondoa. Kapeti iliyoloa hutolewa ikaanikwa, kwa kuwa sakafu huoza kutoka juu pia. Na anayeng'ang'ania oili anaweza kutumia oili safi nyepesi, akaiingiza ndani ya boriti kwa sindano ya mpira kupitia matundu yale yale, mbali na raba na breki, mara mbili kwa mwaka. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kupuliza uvungu mzima kwa kompresa ya mtu.

Kuna mahali ukarabati hukoma. Kutu ikishakula vikalio vya springi vya pande zote mbili, au vizingiti vyote viwili pamoja na mshono unaoviunganisha na sakafu, hakuna tena chuma kizima cha kushikia kipimo, na kila kipande kipya kitachomelewa kwenye makisio. Gari la chesisi ya ngazi linaweza kubadilishiwa chesisi nzima, ingawa namba iliyogongwa kwenye ile ya zamani hulazimisha suala hilo lipitie kwanza kwa mamlaka ya usajili. Gari dogo halina njia hiyo. Injini, gia boksi, milango na viti vyake bado ni mali, na hukatwa spea. Bodi huuzwa kwa kilo.